Mtu wa Tanga kuteremka bonde la Vinschgau kwa baiskeli: breki, baridi na ngome za mawe

Wana Tanga tunajijua, huu mji ni wa baiskeli. Mtoto anajifunza kwa kupenyeza mguu katikati ya fremu kabla hata hajafikia siti, mzee anaenda msikitini na baiskeli, mama anabebwa kwenye keria kutoka Ngamiani mpaka Chuda na kikapu chake mapajani, hakuna anayeshangaa. Sasa mtu huyo huyo ukimwambia kuna safari ya baiskeli kwenye milima ya Alps anasema aah hiyo ni ya wazungu wenye mapaja ya chuma, mi siwezi. Unaweza. Mwaka juzi mwezi wa tisa mi na jamaa yangu tuliteremka bonde la Vinschgau kaskazini mwa Italia na tangu turudi naulizwa maswali yale yale kila nikikaa barazani, kwa hiyo naandika yote hapa ili mwenye nia ajipange.

Kitu cha kwanza kuelewa, hilo bonde linateremka. Linaanza juu kabisa Reschenpass, mita 1,507 kutoka usawa wa bahari, mpakani na Austria, na linashuka mpaka mji wa Meran ulio mita 325 tu, na katikati yake kuna njia ya baiskeli ya kama kilomita 80 inayofuata mto Etsch karibu muda wote. Ukianzia juu mto unakuvuta. Kwa hiyo shida yako haitakua miguu, shida yako itakua breki, baridi ya asubuhi, na kujizuia usipite ngome nzuri kwa sababu baiskeli inakimbia yenyewe. Haya matatu ndo nitayakazania, mengine nitagusa tu.

Kabla hujaenda kuuliza viza, nenda Lushoto. Nasema kweli kabisa. Anza na zile safari za kawaida, Tanga mpaka Tongoni na kurudi, siku nyingine Pangani, hizo zinakupa mkao wa kukaa kwenye siti masaa mengi. Lakini tambarare haifundishi kushuka. Weka baiskeli juu ya basi, panda mpaka Lushoto, lala, asubuhi teremka mpaka Mombo kwa kupitia Soni. Pale unashuka karibu mita 1,000 ndani ya kilomita 30 na kitu, yaani kwa kila kilomita mteremko wetu ni mkali kama mara mbili ya ule wa Vinschgau ukiuchukua wote kwa ujumla, na sisi tuna malori na mabasi kwenye kona juu yake, wenzetu kule wamejengewa njia yao peke yao. Ukishuka Soni mara tatu bila mikono kutetemeka basi Alps uko tayari. Mi nilishuka mara nne kabla ya kuondoka na kila mara nilijifunza kitu.

Kitu chenyewe ni hiki: usishike breki moja kwa moja kutoka juu mpaka chini. Watu wengi wanafanya hivo kwa woga, wanabana kidogo kidogo njia nzima, rimu inapata moto, mipira ya breki inalainika, na ukifika kwenye kona yenyewe breki haishiki tena. Achia baiskeli kidogo, kisha bana kwa nguvu kabla ya kona, breki zote mbili, achia, ingia kona ukiwa umeshapunguza mwendo tayari. Kanyagio la upande wa nje wa kona liwe chini, uzito uweke hapo. Macho yaangalie unakotaka kwenda, siyo korongo. Na ukiona mikono imechoka simama, kaa pembeni, sogeza mkono karibu na rimu au diski usikie joto lake, ikipoa endelea.

Alafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia na lilikaribia kunivunja shingo. Baiskeli zetu hapa, zile Phoenix na ndugu zake, mkono wa kulia unabana breki ya mbele. Baiskeli nyingi za kukodi kule ni kinyume, ya mbele iko mkono wa kushoto. Siku ya kwanza paka alikatiza nikabana kushoto nikidhani nashika ya nyuma, gurudumu la nyuma likanyanyuka, namshukuru Mungu nilikua taratibu. Kwa hiyo ukikabidhiwa baiskeli usiondoke hapo hapo, zunguka uwanjani dakika kumi, bana moja moja, ujue ipi ni ipi, na kama huwezi kuzoea mwambie fundi akubadilishie waya, wengine wanakubali. Na kumbuka wanaendesha upande wa kulia wa barabara, hilo linakusumbua zaidi ukitoka kwenye njia ya baiskeli kuingia kijijini kutafuta chakula.

Makaratasi niyapitie haraka. Sisi tunahitaji viza ya Schengen, ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu mwezi wa sita 2024, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na usichelewe zaidi ya siku 15 kabla, ila mi nakushauri miezi mitatu kabla maana kupata miadi kunachukua muda. Bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Andika mpango wako siku kwa siku, utalala wapi, utapanda treni gani, wanapenda kuona mtu anajua anakwenda wapi. Viza hiyo hiyo inakuruhusu Austria na Uswisi, na bonde hili liko kwenye kona ya nchi zote tatu, kwa hiyo ukichepuka kidogo kutoka mji wa Glurns kwenda upande wa Uswisi huvunji sheria, ila pasipoti iwe mfukoni.

Kubeba baiskeli kutoka nyumbani au kukodi? Kodi. Kama baiskeli yako ni ya gia, nyepesi na unaipenda kama mwanao, sawa, ipakie kwenye boksi, fungua pedali, geuza usukani, punguza upepo kwenye tairi. Wengine wote wakodi. Kule kuna vituo vya kukodisha pale pale kwenye stesheni za treni na unaweza kuchukua baiskeli stesheni moja ukairudisha stesheni nyingine mbele ya safari, kitu hicho kwa safari ya kuteremka ni raha sana. Omba yenye gia nyingi, keria na mabegi ya pembeni. Helmeti waombe pia hata kama watu wazima hawalazimishwi. Zipo na za umeme, wazee wa huko wa miaka 70 wanapanda nazo milima, na kama magoti yako yana matatizo usione haya kuchukua hiyo.

Kufika: shuka uwanja wowote wa karibu, sisi tulipitia Verona, halafu treni mpaka Bozen, treni nyingine Meran, na pale Meran kuna kale katreni ka bonde kanapanda mpaka Mals. Reli hiyo ilikua imefungwa miaka mingi ikafufuliwa 2005 na sasa hivi ndo uti wa mgongo wa hizi safari, watu wanapanda nayo juu na kushuka kwa baiskeli. (Sisi wa Tanga ambao tunajua reli yetu ilianza kujengwa 1893 na tunajua maana ya kuona reli imelala kwenye majani, nilipokaa kwenye kile kibehewa safi nilinyamaza muda mrefu.) Angalia ratiba siku moja kabla, na uliza habari ya baiskeli ndani ya treni maana msimu wa watu wengi nafasi zinaisha. Kutoka Mals kwenda juu Reschen kuna basi, uliza kama siku hiyo linabeba baiskeli, la sivyo utapanda kwa miguu yako kama mita 500 za kimo, inawezekana, sisi tulitumia asubuhi nzima na mapumziko mengi.

Majina yasikuchanganye. Eneo hili lilikua la Austria mpaka baada ya Vita Kuu ya kwanza, Italia ikakabidhiwa kwa mkataba wa 1919, ndo maana watu wanaongea Kijerumani lakini wako Italia na kila kibao kina majina mawili. Mals ni Malles, Glurns ni Glorenza, Schluderns ni Sluderno, Meran ni Merano, Bozen ni Bolzano, na bonde lenyewe ni Val Venosta. Andika yote mawili kwenye kikaratasi uweke mfukoni.

Sasa baridi. Mtu wa Tanga akisikia mwezi wa tisa ni bado joto anabeba fulana. Kule juu asubuhi vidole vilikua havibani breki, na hiyo ndo hatari yenyewe, maana baridi ukiwa unapanda haikupati, inakupata ukiwa unashuka na umetoa jasho na hupigi pedali. Vaa tabaka: fulana ya ndani isiyo ya pamba, sweta jembamba, jaketi la kuzuia upepo, glovu za vidole vizima, na kitu cha kufunika masikio chini ya helmeti. Kabla ya kushuka tia gazeti kifuani ndani ya jaketi, ni njia ya zamani ya waendesha baiskeli na inafanya kazi vizuri mno. Ukifika chini Schlanders utakua umebaki na fulana, kwa hiyo acha nafasi kwenye begi.

Haya, tuteremke. Pale juu Reschen kuna ziwa, na ndani ya ziwa kuna mnara wa kanisa umesimama peke yake majini. Ni mnara wa karne ya 14 wa kijiji cha Graun, kijiji kizima kilizamishwa 1950 walipojenga bwawa la umeme, nyumba zikabomolewa, watu wakahamishwa, mnara ukaachwa. Watu wanapiga picha wanacheka na kuondoka. Mi nakuomba ukae kidogo. Sisi umeme wa Hale unatoka mto Pangani, tunajua maji na umeme vinavyokwenda pamoja, lakini kuona mnara wa watu waliokua wakiswali pale na leo samaki ndo wako ndani, moyo unashtuka.

Baada ya ziwa la pili mteremko unakua mkali, hapa ndo yale ya Soni unayatumia. Kona zinafuatana mpaka kijiji cha Burgeis. Ukiinua macho kulia utaona jengo kubwa jeupe limeng'ang'ania mlimani, hiyo ni nyumba ya watawa ya Marienberg, iko mita 1,340 hivi juu, na chini yake kijijini kuna ngome ya Fürstenburg iliyojengwa na maaskofu wa Chur, mji wa Uswisi, karne ya 13. Hii ngome leo ni shule ya kilimo. Vijana wanaingia na madaftari kwenye geti la mawe lenye miaka zaidi ya mia saba, wanajifunza ng'ombe na miti ya matunda. Mi hii ilinigusa kuliko makumbusho yoyote, kwa sababu jengo la kale likipewa kazi linatunzwa, paa likivuja kuna mtu wa kulipanda, na nikawaza majengo yetu pale mjini Tanga yaliyobaki kuta na popo.

Usiku wa kwanza lala Glurns. Usipite. Ni mji mdogo kupindukia, hauna hata watu elfu moja, lakini umezungushiwa ukuta mzima wenye mageti matatu na minara, umesimama vile vile. Ulichomwa moto 1499 kwenye vita na Waswisi, mfalme Maximilian akaamuru ujengwe upya wenye ngome, kazi ikachukua karne ya 16 karibu yote. Ingia kwa geti moja, shuka kwenye baiskeli, isukume kwa mkono, vichochoro vina mabaraza ya mawe yenye matao mafupi ya kuinamisha kichwa. Zunguka ukuta kwa nje pia, jioni, ni matembezi mafupi tu. Mtu aliyekulia kwenye vichochoro vya mji wa kale wa Pangani au Bagamoyo atajisikia nyumbani kwa namna fulani, ule ukaribu wa kuta.

Kesho yake asubuhi Schluderns iko karibu sana, hata jasho hutoki, na juu ya kijiji ndo kuna Churburg. Kama una pesa ya ngome moja tu, weka hapa. Ilijengwa na askofu wa Chur katikati ya karne ya 13, ikachukuliwa na mabwana wa Matsch, na tangu 1504 iko kwenye ukoo mmoja wa Trapp mpaka leo. Ndani kuna chumba cha silaha chenye deraya za chuma zilizotengenezwa kwa ajili ya wenye nyumba wenyewe na hazijawahi kuondoka pale, ni kati ya makusanyo makubwa ya binafsi duniani. Unaona chuma kilichofuata umbo la mtu fulani, bega lake, tumbo lake. Ghorofani kuna baraza la matao ambalo dari lake limechorwa mti wa ukoo, matawi yanapanda na kujikunja, majina ya babu na mabibi yakining'inia kama matunda. Unaingia na mwongozaji tu, mzunguko unachukua kama dakika sitini, Jumatatu wanafunga, na msimu ni kuanzia masika yao mpaka mwisho wa Oktoba. Baiskeli iache chini kijijini, ifunge, panda kwa miguu robo saa.

Toka hapo mpaka Laas, Schlanders na mbele ni bustani za epo, kilomita kwa kilomita, njia inapita katikati ya miti iliyopangwa mistari kama mkonge wetu. Mwezi wa tisa na wa kumi wanavuna, matrekta yanaingia njiani na masanduku, punguza mwendo, piga kengele mapema, wape nafasi, wao wako kazini na we uko matembezini. Usichume hata moja. Ni wizi kama kuchuma machungwa kwenye shamba la mtu Muheza, na zinauzwa vibandani pembeni ya njia kwa bei ndogo. Bonde hili ni kavu, mvua ni chache kuliko sehemu nyingi za Alps, kwa hiyo tangu zamani wamechimba mifereji ya kuleta maji kutoka mlimani, wanaiita Waale, na pembeni ya mifereji kuna vijia vizuri, lakini hivyo ni vya miguu, baiskeli hapana.

Chakula, na hapa nasema na Waislamu wenzangu hasa. Kule nyama ya nguruwe iliyokaushwa inaitwa Speck na wanaitia kwenye vitu ambavyo huwezi kudhani, mabonge yao ya mkate yaitwayo Knödel, supu, hata saladi. Jifunze kusema "ohne Speck" kwa Kijerumani au "senza speck" kwa Kiitaliano. Knödel za mchicha au za jibini zipo karibu kila mahali ila uliza bado. Mi nilikua nabeba mkate wao mkavu wa Schüttelbrot, jibini, epo na tende nilizotoka nazo nyumbani, inatosha siku nzima. Maji chota kwenye chemchemi za vijijini, ni masafi, isipokua paandikwe "kein Trinkwasser".

Kastelbell utaipita hata usipotaka, ngome imekaa juu ya mwamba pembeni kabisa ya njia. Mbele kidogo, juu ya Staben, iko Juval, ambayo mpanda milima Reinhold Messner aliinunua 1983 akaweka makumbusho yake ya milima. Hii iko juu sana na katikati ya kiangazi huwa inafungwa, kwa hiyo angalia tarehe kabla hujaacha baiskeli chini ukaanza kupanda. Sisi miguu ilikua imechoka tukaiacha na sijutii, ngome tatu kwa safari moja zinakutosha kichwani, ya nne unaanza kuona mawe tu.

Rabland simama dakika tano. Jiwe la barabara la Warumi lilipatikana pale 1552, limeandikwa habari za barabara ya Via Claudia Augusta, la mwaka 46. Yaani hiyo njia unayopita na matairi ya mpira ni ya karibu miaka elfu mbili. Kisha jiandae, baada ya Töll kuna mteremko wa mwisho kuingia Meran, kona fupi za kujikunja na watu wengi, wenye mbwa, wenye watoto. Hapa ndo niliona watu wakianguka, wameshachoka na wanaona mji uko pale. Bana, achia, bana.

Meran lala siku mbili. Siku ya pili acha baiskeli kabisa, panda basi au tembea mpaka kijiji cha Tirol, kuna ngome iliyoipa nchi nzima jina lake. Masultani wa pale, wanaitwa makaunti, walitawala njia za milima yote hii, na 1363 mtawala wao mwanamke, Margarethe, akaikabidhi nchi kwa ukoo wa Habsburg uliotawala Austria. Angalia mlango wa mawe wa kanisa lake dogo, umechongwa wanyama na majoka karne ya 12. Hapa pia Jumatatu ni kufuli.

Kutoka Meran mpaka Bozen ni kilomita 30 hivi tambarare kama Raskazone, unapiga pedali kwa mara ya kwanza kwa kweli. Mjini Bozen kuna makumbusho ya yule mtu wa barafuni, Ötzi, aliyeonekana 1991 kwenye milima ile ile uliyoiacha nyuma, alikufa miaka kama 5,300 iliyopita. Foleni ni ndefu, kata tiketi mapema. Kabla ya hapo rudisha baiskeli stesheni, piga picha pande zote mbele ya mhudumu, chukua risiti, na kagua begi la pembeni, mi nilisahau glovu zangu humo na nilikua bado nazihitaji kwa Lushoto.